Dawa Inapomdhuru Aliyetibiwa: Kuvimba kwa Figo za Watoto Kunakosababishwa na Dawa

Mada ya leo ni maradhi yasiyotajwa sana majumbani, ingawa chanzo chake kimo katika kabati la karibu kila nyumba: kuvimba kwa figo kunakosababishwa na dawa, hasa kwa watoto. Ni maradhi yenye ajabu mbili. Ajabu ya kwanza ni kwamba huletwa na kitu kilekile alichopewa mtoto ili apone. Ajabu ya pili ni kwamba tiba yake kuu, katika visa vingi, ni nyepesi kuliko tiba za maradhi mengine mengi ya figo, nayo ni kuitambua dawa iliyohusika na kuiacha. Lakini dawa isiyojulikana haiwezi kuachwa. Hapo ndipo kilipo kiini cha mazungumzo haya.

Aghalabu mambo huanza hivi. Mtoto anaugua koo, sikio au kifua. Anapewa dawa ya kuua bakteria, pengine pamoja na dawa ya kushusha homa, naye anapata nafuu. Baada ya siku kumi hivi homa inarudi. Mtoto analegea, hataki chakula, anatapika na kulalamika maumivu ya tumbo au ya kiuno. Wazazi hudhani maradhi ya kwanza yamerejea, na mara nyingi dozi ya pili ya dawa ileile hununuliwa. Iwapo homa hiyo ya pili ni dalili kwamba mwili unaipinga dawa yenyewe, dozi hiyo mpya ni sawa na kuumwagia moto mafuta ya taa.

Ili kulielewa jambo hili, yafaa kwanza kuitazama kazi ya figo. Kila figo ina vichujio vidogo mno, kwa wastani wapata milioni moja. Katika mtu mzima mwenye afya, vichujio hivyo hupitisha takriban lita 180 za majimaji ya damu kila siku, ilhali mkojo unaotoka ni lita moja au mbili tu. Sehemu kubwa ya majimaji hayo, pamoja na sukari na chumvi ambazo mwili unazihitaji, hurudishwa katika damu na vijimrija vyembamba vilivyounganishwa na vichujio hivyo. Mtoto aliyezaliwa baada ya kutimiza miezi yake huwa amekwisha kupata vichujio vyote atakavyokuwa navyo maishani. Vikifa, haviotwi vingine. Kwa hiyo, figo za mtoto wa miaka mitano zikidhurika, hasara hiyo itabebwa na mwili utakaokua, utakaofanya kazi na pengine kubeba mimba, kwa miaka sitini au zaidi ijayo.

Maradhi yanayozungumzwa leo hayaanzii katika vichujio vyenyewe. Huanzia katika nafasi iliyo kati ya vijimrija, mahali penye mishipa midogo ya damu na nyuzinyuzi zinazoishikilia figo. Mfano wake ni shamba la mpunga lenye mifereji mingi inayotenganishwa na matuta. Mifereji ni ile mirija, na matuta ni ile nafasi ya katikati. Matuta yakivimba kwa maji, mifereji hubanwa, na maji hayapiti tena kama ipasavyo. Ndivyo inavyokuwa kwa figo: nafasi ya katikati hujaa majimaji na chembe nyeupe za damu, vijimrija hubanwa na kuumizwa, na figo nzima hufura.

Chembe hizo nyeupe ni askari wa kinga ya mwili. Inaaminika kwamba dawa, au mabaki yake, hujishikiza katika protini zilizomo ndani ya figo, na askari wale wakaiona protini hiyo kama mgeni aliyevamia. Hayo ni mapambano ya mzio, yaani aleji, na si sumu kwa maana ya kawaida. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mzazi. Sumu hutegemea kiasi: kadiri inavyozidi ndivyo inavyodhuru. Mzio hautegemei kiasi. Mtoto anaweza kupewa kipimo sahihi, kilichoandikwa na daktari hodari, kwa saa zilizopangwa, na bado figo zake zikavimba. Ndiyo maana maradhi haya yanapotokea, mara nyingi hakuna wa kulaumiwa kwa dozi ya kwanza. Lawama, kama ipo, huanza pale dalili zinapojitokeza na hakuna anayeuliza.

Hapana budi kuitenga hali hii na nyingine mbili zinazofanana nayo. Ya kwanza ni sumu halisi. Mnamo Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya dawa za maji za kikohozi na mafua zilizohusishwa na vifo vya watoto zaidi ya 60 nchini Gambia. Dawa hizo zilikutwa na kemikali za daethilini glaikoli na ethilini glaikoli, ambazo hazina nafasi yoyote katika dawa ya binadamu na ambazo huua chembe za figo moja kwa moja. Huo ulikuwa uchafuzi, na watoto wale hawakuwa na mzio. Ya pili ni upungufu wa damu inayofika katika figo. Mtoto anayeharisha au kutapika hupungukiwa na maji, na dawa za kutuliza maumivu za jamii ya ibuprofeni huzidi kuibana mishipa inayopeleka damu figoni. Hali zote tatu huishia katika figo zilizoshindwa kufanya kazi, lakini matibabu yake hayafanani, na daktari hawezi kuzitofautisha bila ya kujua mtoto alimeza nini.

Historia ya maradhi haya ina mafunzo yake. Mwaka 1898, mtaalamu William Councilman wa Boston, nchini Marekani, alichapisha maelezo ya figo za wagonjwa, wengi wao wakiwa watoto, waliofariki kwa dondakoo na homa nyekundu. Alikuta figo zimejaa chembe nyeupe za damu katika nafasi ya kati ya mirija, lakini ndani ya figo hizo hakukuta bakteria. Ilimbainikia kwamba figo zilikuwa zimevimba kwa sababu ya mapambano yaliyokuwa yakiendelea mahali pengine mwilini. Miaka mingi baadaye, maradhi hayo ya watoto yalipopungua kwa chanjo na kwa dawa za kuua bakteria, uvimbe uleule ulionekana tena, na mara hii ulifuatana na dawa zenyewe.

Dawa iliyowafungua macho madaktari zaidi ilikuwa methisilini, ndugu wa penisilini, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960 dhidi ya bakteria waliokuwa sugu. Wagonjwa waliotibiwa kwayo, watoto kwa watu wazima, walionekana kupata homa, vipele na damu katika mkojo baada ya wiki moja au mbili. Hatimaye dawa hiyo iliachwa, na madhara yake kwa figo yalikuwa miongoni mwa sababu. Leo haitumiki tena katika kutibu, na jina lake limesalia tu katika jina la bakteria sugu wajulikanao kwa herufi MRSA. Hata hivyo, picha ile ya mgonjwa wa methisilini ilibaki vichwani mwa madaktari wengi, na kwa namna fulani ikawa kikwazo, kama itakavyoelezwa punde.

Je, ni dawa zipi zinazohusika siku hizi? Orodha ni ndefu, lakini zilizo mashuhuri ni chache. Za kwanza ni dawa za kuua bakteria: jamii ya penisilini, ikiwemo amoksilini ambayo watoto wengi duniani huinywa, jamii ya sefalosporini, siprofloksasini, na dawa zenye salfa kama vile kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita Septrin. Za pili ni dawa za kutuliza maumivu na kushusha homa za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki. Za tatu ni dawa za kupunguza asidi tumboni, kama omeprazoli, ambazo madhara yake huchelewa na huweza kuonekana baada ya wiki nyingi au hata miezi. Za nne ni baadhi ya dawa za kifafa, kama fenitoini na kabamazepini. Ya tano ni rifampisini, nguzo ya matibabu ya kifua kikuu. Katika ripoti nyingi za kitabibu, dawa huhesabiwa kuwa chanzo cha zaidi ya theluthi mbili ya visa vya maradhi haya. Vilivyobaki hutokana na maambukizi au na maradhi ya kinga ya mwili.

Ni vyema kusisitiza mapema kwamba dawa hizi zimeokoa na zinaendelea kuokoa maisha ya watoto wasiohesabika. Nimonia isiyotibiwa huua, na kifua kikuu kisichotibiwa huua. Kwa watoto walio wengi, dawa hizi hupita katika figo bila ya kuacha jeraha. Anayesikia makala haya na kuamua kuinyima figo ya mtoto wake hatari ndogo kwa kuliacha pafu lake katika hatari kubwa, atakuwa ameuelewa ujumbe kinyume.

Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2013 unaonyesha vizuri ukubwa na udogo wa tatizo. Madaktari wa hospitali ya watoto ya Riley, mjini Indianapolis nchini Marekani, walipitia kumbukumbu za watoto 1,015 waliopata madhara ya ghafla ya figo tangu mwaka 1999 hadi 2010. Waliwakuta 27 ambao chanzo kilikuwa dawa za jamii ya ibuprofeni. Kati ya hao, 21 waliumia vijimrija, na 6 walikuwa na dalili za uvimbe wa nafasi ya katikati, ambao ndio mada ya leo. Hesabu hiyo ni ndogo, kwani haifiki watoto watatu katika kila mia. Lakini mambo mawili yaliwashtua wachunguzi. Kwanza, kati ya watoto 20 ambao kipimo chao cha dawa kilijulikana, 15 walikuwa wamepewa kipimo kisichozidi kiwango kinachoruhusiwa. Pili, watoto wanne waliokuwa chini ya umri wa miaka mitano walihitaji kusafishwa damu, wote wanne, ilhali katika waliowazidi umri hakuhitaji hata mmoja.

Sasa yafuata maswali ya dalili. Vitabu vya zamani, vikimfuata mgonjwa yule wa methisilini, vilifundisha alama tatu: homa, vipele vya mwili, na kuongezeka kwa aina moja ya chembe nyeupe katika damu iitwayo eosinofili. Imedhihirika baadaye kwamba alama hizo tatu kwa pamoja huonekana kwa wagonjwa wachache tu, takriban mmoja katika kila kumi. Anayezisubiri zote tatu ndipo ashuku, atawapita wagonjwa tisa. Watoto wengi huja na dalili za jumla tu: uchovu, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, kupungua uzito, rangi ya mwili kufifia, na homa zisizoeleweka.

Hata mkojo wenyewe unaweza kudanganya. Watu wengi huamini kwamba figo zikiharibika mkojo hukatika. Katika maradhi haya, mara nyingi mkojo huendelea kutoka kama kawaida, na kwa baadhi ya watoto huongezeka, kwa sababu mirija iliyoumia hushindwa kuyarudisha maji mwilini. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akaanza tena, au anayeamka usiku mara kwa mara kutafuta maji ya kunywa, anastahili kupimwa na si kukaripiwa. Kuvimba uso na miguu, ambako watu wengi hukuhusisha na figo, si dalili ya kawaida ya maradhi haya, na kukosekana kwake kusimpe mzazi utulivu wa bure.

Kipimo cha kwanza hospitalini ni cha mkojo na damu. Katika mkojo hutafutwa protini, chembe za damu, na sukari inayovuja ilhali sukari ya damu iko sawa. Katika damu hupimwa taka iitwayo kreatinini, ambayo hupanda figo zinaposhindwa kuitoa. Hapa pana mtego ambao kila mzazi angefaidika kuujua. Kreatinini hutoka katika misuli, na mtoto mdogo ana misuli michache. Kiwango cha kawaida cha mtoto wa miaka mitatu hukaribia miligramu 0.3 au 0.4 katika kila desilita ya damu, ilhali mtu mzima huweza kufikia 1.2 na akahesabiwa kuwa salama. Karatasi ya majibu ikichapishwa kwa viwango vya watu wazima, mtoto mwenye kreatinini ya 0.9 ataonekana kuwa hana neno.

Hesabu iliyotengenezwa na daktari George Schwartz na kurekebishwa mwaka 2009 hufichua ukweli: urefu wa mtoto kwa sentimita huzidishwa kwa 0.413, kisha jibu hugawanywa kwa kreatinini. Mtoto wa sentimita 95 mwenye kreatinini ya 0.35 hupata takriban 112, yaani figo nzima kabisa. Mtoto huyohuyo akifikia 0.9, hesabu humpa 44 tu. Amepoteza zaidi ya nusu ya nguvu za figo zake, na karatasi haijaweka hata alama ya kutahadharisha. Ni hesabu inayoweza kufanywa kwa kikokotoo cha simu, katika zahanati yoyote yenye futi ya kupimia urefu.

Uthibitisho kamili hupatikana kwa kuchukua kinofu kidogo cha figo kwa sindano maalumu na kukitazama kwa hadubini. Hilo huhitaji hospitali kubwa, mtaalamu na vifaa. Watoto walio wengi katika Afrika Mashariki na Kati hawakifikii kipimo hicho. Lakini kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji umeme wala maabara, nacho ni swali: mtoto huyu amekunywa dawa gani katika wiki na miezi iliyopita, zote, za hospitali, za dukani na za mitishamba? Swali hilo likijibiwa kikamilifu, daktari huweza kuisimamisha dawa inayoshukiwa siku hiyohiyo.

Tiba nayo hufuata njia hiyo. Hatua ya kwanza na iliyo muhimu kuliko zote ni kuiacha dawa iliyohusika na, ikiwa maradhi ya awali yangali yapo, kuchagua nyingine isiyo ya ukoo wake. Watoto wengi huanza kupata nafuu katika siku na wiki zinazofuata. Ikiwa figo hazirejei upesi, madaktari wengi huongeza dawa za jamii ya steroidi ili kuwatuliza wale askari wa kinga. Wataalamu bado wanajadiliana kuhusu faida yake, lakini wanaozitumia wanakubaliana kwamba zikichelewa hazisaidii sana. Sababu ni kwamba uvimbe usiozimwa huanza kugeuka kovu ndani ya wiki chache, na kovu halirudi kuwa figo. Mtoto aliyegunduliwa mapema na aliyegunduliwa baada ya miezi miwili wanaweza kuwa na maradhi mamoja, lakini maisha yao ya baadaye hayatakuwa mamoja.

Kwa wachache, figo hukoma kabisa kwa muda, na damu hulazimika kusafishwa. Kwa watoto wadogo njia inayofaa zaidi mara nyingi ni kusafisha kwa kupitia tumbo: maji maalumu huingizwa tumboni kwa mrija mwembamba, yakavuta taka kupitia utando wa ndani wa tumbo, kisha yakatolewa. Haihitaji mashine kubwa. Nchini Tanzania, hospitali ya KCMC iliyoko Moshi ilianzisha mwaka 2009 mpango wa kuwatibu kwa njia hiyo wagonjwa walioshindwa figo ghafla, na mpango huo ulidhihirisha kwamba huduma hiyo inawezekana hata pasipo na utajiri mkubwa. Figo zikipata mapumziko hayo, huweza kuzinduka.

Aidha, daktari anaweza kuomba macho ya mtoto yachunguzwe. Tangu mwaka 1975 inajulikana kwamba kuna watoto na vijana ambao figo zao huvimba pamoja na macho, na kwa hao chanzo si lazima kiwe dawa. Macho mekundu yanayouma na kuuogopa mwanga ni habari ambayo daktari wa figo anaihitaji.

Kifua kikuu kinastahili maelezo ya peke yake, kwa kuwa ni maradhi yanayowasumbua watoto wengi katika nchi za Waswahili. Rifampisini huugeuza mkojo, jasho na hata machozi kuwa na rangi ya machungwa. Rangi hiyo haina madhara, wala si damu, na haipaswi kumtia mzazi hofu. Hatari ya rifampisini kwa figo hujitokeza zaidi kwa mgonjwa anayeinywa kwa kukatiza: anaiacha kwa wiki kadhaa, kisha anaianza upya. Katika muda wa mapumziko, mwili huwa umekwisha kuunda silaha dhidi ya dawa hiyo, na dozi ya kwanza ya kurudia huweza kuzusha homa, maumivu ya kiuno na kufunga mkojo katika muda wa saa chache. Kwa hiyo, njia ya kuzilinda figo za mtoto wa kifua kikuu ni kumpa dawa kila siku bila kuruka. Aliyekwisha kuziacha asizirudie nyumbani kwa hiari yake, bali arudishwe kliniki ili aanzishwe tena chini ya uangalizi.

Upande wa pili wa tatizo ni namna dawa zinavyozunguka mikononi mwa watu. Katika miji na vijiji vingi vya Afrika Mashariki, vidonge huuzwa kwa kuhesabiwa, vikatiwa katika kijibahasha kisicho na jina. Siku tatu baadaye, mama anapoulizwa hospitalini, hana la kusema ila kwamba vilikuwa vyeupe au vya rangi mbili. Mama huyo hana kosa, kwani hakupewa jina. Kumwomba muuzaji aandike jina la dawa, kiasi na tarehe juu ya kijibahasha ni haki ya mnunuzi, na muuzaji aliyefundishwa kazi yake hatakataa.

Hali kadhalika kwa wanaoishi ughaibuni. Mikoba inayosafiri kutoka Muscat, Dubai, London na Toronto kuelekea Mombasa, Unguja, Bujumbura au Kampala aghalabu hubeba dawa za watoto kama zawadi, na baadhi yake zina maelezo ya Kiarabu au lugha nyingine ambayo mpokeaji haisomi. Tena dawa moja huwa na majina mengi ya biashara. Ibuprofeni huitwa Nurofen nchini Uingereza, Advil nchini Marekani, na Brufen katika maduka mengi ya Afrika Mashariki. Bibi anayempa mjukuu wake kijiko cha chupa iliyotoka ng'ambo asubuhi, na kijiko cha chupa ya dukani mchana, huenda amempa dawa moja mara mbili bila ya kujua. Jina la kulitafuta ni lile lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, kwa kuwa ndilo jina la dawa yenyewe. Hilo ndilo litakaloandikiwa mpokeaji kwa lugha anayoielewa, pamoja na kiasi cha kumpa mtoto kwa uzito wake.

Limebaki suala la dawa za mitishamba. Wazazi wengi huzitumia sambamba na za hospitali, na wengi huzificha mbele ya daktari kwa kuogopa kukemewa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Msemo huo waweza kuongezwa neno: mficha dawa naye humuumbua. Daktari anayemkemea mama aliyesema kweli huwafundisha akina mama kumi wengine kusema uongo, na gharama yake hulipwa na figo za watoto. Heshima katika chumba cha daktari, kwa hiyo, nayo ni sehemu ya matibabu.

Kwa muhtasari, mambo yanayoweza kufanywa na kila nyumba si mengi. Mtoto asipewe dawa ya kuua bakteria kwa mafua ya kawaida, kwani mafua husababishwa na virusi na dawa hizo haziyagusi. Dozi isiyohitajiwa ni hatari isiyo na malipo. Mtoto anayeharisha, kutapika au asiyekunywa maji ya kutosha asipewe ibuprofeni wala diklofenaki bila ya ushauri wa mganga. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake hufaa zaidi. Homa, vipele, kutapika au kulegea kunakozuka siku kadhaa baada ya kuanza dawa kusichukuliwe moja kwa moja kuwa ni maradhi ya zamani: mtoto apelekwe hospitali pamoja na chupa, pakiti na vijibahasha vyote, hata vilivyo vitupu.

Na mtoto aliyekwisha kupatwa na maradhi haya akapona, jina la dawa iliyomdhuru liandikwe katika kadi yake ya kliniki kwa herufi kubwa, likaririwe na wazazi, na mtoto mwenyewe alifahamu anapokua. Mwili hausahau. Akipewa dawa hiyo tena baada ya miaka, mahali asipojulikana na mtu, figo zake huweza kuvimba upya na kwa kasi zaidi. Mtoto aliyetibiwa Tanga anaweza kuwa kijana anayesoma Birmingham au kufanya kazi Doha. Kadi itakuwa imepotea zamani, lakini jina moja la dawa, likiwa kichwani mwake, litamlinda kokote aendako.